Kibao cha Anti, Kikaango cha Mama Brayo

Sasa Mwende,

Usiirarue hii kadi kabla hujaimaliza.

Huku Kawangware Krismasi hatutoki. Kila nyumba ya ploti inaleta pakiti ya unga, tunakanda kwa karai moja, watoto wote wanakula pamoja. Shida ni kwamba kibao cha kusukumia chapati ni cha Anti Mutanu, kikaango ni cha jirani yake Mama Brayo, na hao wawili hawajaongea tangu Pasaka sababu ya kamba ya kuanika nguo.

Leo mafuta yalianza kutoa moshi. Anti ameshika chapati ya kwanza, Mama Brayo anaangalia ukuta. Watoto wamepanga foleni na sahani zao.

"Na ikiungua?" Mama Brayo akauliza ule ukuta.

"Utakuwa umeiunguza wewe," Anti akamjibu.

"Basi lete."

Anti akampa. Ikafura vizuri, watoto wakapiga makofi.

Mwende, mimi na wewe tuna miezi minne bila kupigiana simu. Nakuja Jumamosi na unga. Wewe washa jiko.

Dada yako anayekupenda,
Mueni