Karibu ya Idd Pili

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimeiitikia mwenyewe, kwa sauti yako, nikiwa peke yangu hapa jikoni, na Baba kule kibarazani akauliza naongea na nani. Nimemwambia naongea na wewe. Hakushangaa. Naye huongea na wewe, hasa akitafuta miwani yake.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu jana ilikuwa Idd Pili, na mwanao Mishi, yule uliyekuwa ukimwita Mishi mbishi, amefanya ubishi wake mkubwa kuliko wote. Nataka uusikie kwangu kabla kaka Bakari hajaja kukuzuru kaburini na kukusimulia kwa namna yake.

Ulituacha kabla mwezi wa Rajabu haujaandama, na Ramadhani nzima tumefuturu kama watu walio safarini. Uji wangu ulikuwa na mabonge. Baba aliunywa wote, na bora angelalamika. Jikoni mwako sijagusa mengi. Lile jiko la makaa lenye mguu mfupi bado naliwekea kigae. Kanga yako ya kufungia sufuria niliifua mara moja tu nikajuta, maana harufu ya bizari ilitoka.

Lilipoingia kumi la mwisho, nikasema Idd Pili tunapanda Kwale, kwenye bustani ya mapumziko, kama kawaida. Bakari akaweka kijiko chini. Akasema msiba haujapoa, na watu wa hapa Tiwi wakituona tumebeba masufuria kwenda matembezini watasema watoto wa Bi Mwanasiti wamemsahau mama yao mapema. Halafu, kwa ule ukubwa wake, akaniuliza nani atapika, mimi ambaye hata chai naiunguza? La chai sikulijibu. Nilimuuliza neno moja tu: Mama Mwikali je?

Akakiokota kijiko, akakigeuzageuza. Wewe unajua kwa nini, lakini niache niyaseme, maana kuyasema kunanipa nguvu.

Sikukuu kwa Baba zilikuwa siku za kazi. Hoteli za Diani zilijaa wageni, naye alirudi sisi tushalala. Ndipo ukaweka desturi yako: Idd Mosi tunakula nyumbani, Idd Pili unatupandisha mlimani tukapungwe na upepo. Pilau ndani ya sufuria, sufuria ndani ya kanga, kanga ndani ya kapu. Juu yake mkate wa kumimina, umefunikwa jani la mgomba. Na viazi vya karai, na mbaazi za nazi, na achari ya embe ya kumfanya mtu afumbe jicho moja. Mimi na Bakari tuliuchunga mzigo ule kuliko tulivyochungana wenyewe. Tukifika unatandika mkeka, unapakua kwenye sinia moja, na kabla mkono wa mtu haujagusa wali unamgeukia kila apitaye: "Karibu tule."

Na watu wakijibu kama watu wajibuvyo: "Ahsante, starehe." Wakapita. Ndiyo adabu yetu, mwenye chakula akaribishe, mpita njia ashukuru aende zake, na pilau yetu ibaki nzima.

Mpaka alipopita yule mama wa bara, mtoto mgongoni na binti mkononi, wametoka kule kwenye mashamba ya skimu ya serikali upande wa Shimba Hills. Ukamwambia karibu tule. Akasimama. Akasema, "Eeh, asante mama, hata sisi tuko na njaa." Wakavua viatu, wakakaa. Bakari alinitazama mimi, mimi nikalitazama sinia. Mnofu wangu nilikuwa nimeshauchagua kwa macho. Yule binti, Mwikali, akauchukua. Wewe hata kope hukupepesa. Ulisogea ukawapisha, ukawazungushia upande wenye nyama.

Wakati wa kurudi nilinuna njia nzima mpaka Kombani. Ukaniambia: "Mishi, karibu si salamu. Ukiitamka, uwe na nafasi mkekani."

Idd ya mwaka uliofuata wakaja tena, bila kuitwa, na sufuria kichwani. Ni muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, chakula cha kwao Ukambani. Ulionja, ukatafuna ukifikiri, kisha ukachota rojo la mbaazi za nazi ukalimwaga juu, ukasema, "Haya, sasa kimesilimu." Mama Mwikali alicheka mpaka akaushika mti. Nyama hakuwahi kuleta hata siku moja. Alijua bila kuambiwa. Tangu hapo tukakua, mimi na Mwikali tukigombea ukoko kila Idd, na kila mkiagana ulimwambia mama yake maneno yale yale: "Idd Pili, Mungu akitujaalia, papa hapa."

Sasa Mama, namba yake ilikuwa kwenye simu yako, na simu yako iliingia maji wiki ile uliyolazwa, haikuwaka tena. Jina lake jingine silijui. Kijiji chake sikijui. Kwetu ni Mama Mwikali, basi. Kwa hiyo alikuwa hajui. Idd Pili angetoka kwake na sufuria yake, angefika pale kivulini, angekaa akitazama langoni.

Bakari akasema tumtafute mtu wa kumtuma pale bustanini akampashe habari. Nikamwambia kifo chako si kifurushi cha kutumwa. Nikamwambia kwamba wewe, Mama, ulimkaribisha mtu, na mtu aliyekaribishwa na mama yangu haji akakuta nyasi tupu. Watu wa Tiwi waseme watakavyo. Akainuka, akasema yeye hayumo. Kaka yangu ni mkubwa wangu na namheshimu, lakini siku ile nilimwacha aende.

Nikaloweka mchele. Mkate wa kwanza ulilala chini, hata paka aliunusa akaenda. Nilikuwa nimeufunua kila dakika niuone umefika wapi, na wewe ulishanionya: "Usiufunuefunue, mkate una haya." Nikaanza upya. Basi ungemwona Baba anaingia jikoni, mzee yule ambaye umri wake wote amekula nazi bila kujua inakunwaje, akaivuta mbuzi akaikalia. Alikuna nazi yote. Vipande vya kifuu viliingia kwenye tui, nikavichuja kimya. Mkate wa pili nikaupalia makaa juu ya kifuniko, nikakaa mbali nao, nikaikunja mikono yangu ndani ya leso ili isinisaliti. Ukaumuka. Upande mmoja uliungua, lakini uliumuka.

Jana tukapanda, mimi na Baba. Nilitandika mkeka wetu ule ule. Nikaanza kuwakaribisha wapitao, na sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini niliitoa. Wakasema ahsante, starehe, wakapita.

Kisha nikamwona anaingia langoni, sufuria kichwani, na Mwikali nyuma yake amebeba mtoto wake mwenyewe sasa. Alikuwa anacheka tangu mbali. Akanipita kwa macho, akatazama kushoto kwangu, akatazama nyuma ya Baba. "Mama ako wapi?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, Mama, ya innalillahi na ya subira. Yote yalinikimbia. Nilisema, "Mama hayuko. Mama ametutoka."

Aliitua sufuria. Akakaa chini, si mkekani, nyasini, na akakulilia kwa Kikamba. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa yote. Baba aliivua kofia akajifunika nayo uso. Mwikali akamkabidhi mtoto kwangu na kwenda kumshika mama yake.

Alipotulia kidogo nikafunua sufuria, nikapakua, nikasawazisha sinia. Nikamgeukia. Nikasema, "Mama Mwikali, karibu tule."

Akajifuta uso kwa upindo wa leso. Akasema polepole, kama mtu aliyezaliwa Tiwi, "Ahsante, mwanangu. Starehe."

Mama, utoto wangu wote nilimwomba Mungu amfundishe mwanamke huyu neno hilo. Miaka yote kumbe alikuwa akilisikia kutoka kwa wapita njia, akilihifadhi. Na jana akalitoa, kwa sababu aliyemweka mkekani amekufa, na alidhani nafasi yake imekwenda naye. Liliniuma kuliko maneno yote niliyoambiwa siku ya mazishi.

Nikainuka na mtoto wa watu mkononi. Nikamshika Mama Mwikali mkono. Nikamwambia, "Hapana. Starehe ni ya wanaopita. Wewe hukupita. Mama alisema Idd Pili papa hapa, na mimi mchele nimeuloweka nikikuhesabu." Nikamvuta. Ni mzito, unamjua. Mwikali akamsukuma kwa nyuma, na katikati ya kusukumwa huko akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na Baba naye akacheka, cheko lake la kwanza tangu uondoke. Akavua viatu. Akakaa pale pako, kwa kuwa ndipo palipokuwa wazi. Nikamzungushia upande wenye nyama.

Alimega mkate upande ulioungua, akala wote, akasema iliki haitoshi. Nawe ungesema hivyo hivyo. Na muthokoi wake nimeumwagia mbaazi mimi mwenyewe, na maneno yako nikayasema, na tukacheka na kulia tena, mpaka wapita njia wakawa wanatukwepa.

Bakari alifika sinia likiwa nusu. Alikuja na chupa ya maji ya ndimu, hakunisalimu, akamwamkia Mama Mwikali na akakaa. Akala. Alipoona hatumsemeshi akachukua kipande cha mkate, akakitazama, akasema, "Umeungua." Akaongeza kingine. Kwa Bakari hayo ni maneno matamu, nami nimeyapokea.

Wakati wa kuagana Mwikali aliniomba namba ya simu. Nimempa, nami nimechukua yake, kwa habari za ugonjwa na harusi. Lakini la Idd Pili nimemwambia asinipigie kuniuliza kama tutakuja. Aje tu.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, Mama, na unajua ubishi wangu. Madamu nina mikono ya kuloweka mchele, mkeka wako utatandikwa pale, na atakayeitikia karibu yangu nitampisha, hata akichukua mnofu niliokwisha kuuchagua. Nakuombea nafasi pana huko uliko, na jirani wa kukukaribisha. Iliki nitaongeza.

Mwanao,
Mishi