Moto Mwaota ni Wetu

Jumapili, 15 Juni 2025
Wote wameenda kanisani. Nimeachiwa nyumba, mbwa na viazi, hizi waru zao, za kumenya. Baridi ya Kibirichia, huku Meru, haina huruma. Kwetu Kanja saa hizi mama anaongea Kiembu na majirani, wanacheka. Hapa nikitamka neno la kwetu wananiiga, basi nimenyamaza. Naongea na sufuria. Mwaka wa pili huu! Nimeomba tena niende nimwone mama. Madam Virginia, mwenye nyumba, akasema baada ya mavuno. Mavuno gani? Hakusema. Kitambulisho changu na simu bado amefungia kwa kabati lake. Ati nisipoteze.

Nikipasua kuni nimetunga hii:

Moto mwaota ni wetu, kuni nani alibeba?
Mwatupimia ya kwetu, na bado hamjashiba.

Hapo kwa kupima ni sukari. Hata ya chai yangu huipima yeye, kijiko nusu.

Jumanne, 17 Juni
Adrian, kijana wa Madam, amerudi kutoka chuo. Alinisikia nikisema shairi nikifua. Akaniambia, rudia. Nikarudia, akaandika kwa simu. Rudia! Hakuna mtu wa nyumba hii amewahi kutaka kunisikia mara ya pili. Nilifurahi mpaka nikasahau nguo kwa maji.

Alhamisi, 26 Juni
Jana kulikuwa na maandamano Meru mjini. Leo redio ya jikoni imecheza sauti za vijana — wanaimba shairi langu! Langu! Nikaangusha mwiko.

Kumbe Adrian aliliweka mtandaoni kwa jina lake. Jioni wamama wa kanisa wakaja kumpongeza. Madam anajivuna, ati amezaa malenga. Mimi nimeshika trei. Nikasema, Madam, hilo ni langu. Madam akacheka, na wote wakafuata.

"Wewe wa kuosha sufuria? Haki Igoki, shairi ungelitoa wapi?"

Adrian akaangalia viatu vyake. Wangeniambia nitunge lingine, ningetunga pale pale, trei mkononi. Hawakuniambia. Nimelia kwa stoo ya waru, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Hata hawajui linasema nini. Kila mtu anafikiri ni mambo ya serikali. Moto wenyewe ni wa sebule hii!

Jumatatu, 30 Juni
Vijana wanashikwa. Polisi wanaulizia aliyetunga, na mtandaoni kuna jina la Adrian. Adrian hali, halali.

Madam amekuja jikoni akakaa kwa kiti changu. Akaniita mwanangu. Ati kesho chifu akija niseme ukweli, kwamba shairi ni langu. Ati mimi sijulikani, hawatanifanya kitu. Neno lililonifanya nichekwe, sasa naombwa kulisema! Naogopa. Na bado nataka kulisema. Ningekuwa na mtu wa kumwuliza. Sina.

Jumanne, 1 Julai
Chifu yuko sebuleni. Nimekalishwa kwa kochi, mara ya kwanza. Moto unawaka vizuri, kuni nilipasua asubuhi. Madam ametoa kitambulisho changu, amekiweka mezani kando ya bakuli la sukari, chifu ananakili namba. Karibu miaka miwili sijaona sura yangu ya kwenye picha ile.

Chifu akauliza, ni wewe ulitunga? Nikasema ndiyo, ni mimi. Sauti ilitoka kubwa! Madam akashusha pumzi. Adrian pia.

Kisha chifu akasogeza kiti karibu na moto. "Sasa niambie, msichana. Hawa wanaoota moto ni akina nani?"

Madam alikuwa amenyoosha mikono motoni. Akairudisha polepole. Akasema, wacha kwanza atuletee chai.

Naandika hapa jikoni haraka. Mlango wa nyuma uko wazi, lakini kitambulisho kiko kule. Maziwa yanapanda. Nimetoa vikombe vitatu. Nimeongeza cha nne, changu. Sukari iko mezani, na swali la chifu pia. Leo nitajipimia.

Chifu anaita —