Rafu ya Juu

Adelaide, 3 Machi 2019

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Bado unakohoa vumbi la huko au limetulia kidogo? Sisi tupo. Bridie anaota meno na hataki mtu alale, Hamish ameanza shule na kila siku anarudi na soksi moja. Dale yuko zamu ya jioni. Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili umemshika mtoto, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Ningepiga simu, lakini nakujua: unapokea, unapiga kelele "Nani? Nani?", halafu unakata.

Kile chumba cha nyuma Dale amekipaka rangi. Dirisha lake linaangalia mlimau. Ni chako, Baba. Tangu Mama afariki uko peke yako kwenye duka lako la magazeti na kifua hicho, na sitaki siku moja nipigiwe simu na mtu nisiyemjua. Funga duka uje.

Jambo la pili usilikasirikie. Vitabu vya kupaka rangi ulivyowatumia watoto vimefika, ahsante. Ila vimefika vimeviringishwa ndani ya gazeti la Jumamosi na kufungwa kwa ule uzi mweupe, fundo lako lilelile. Aliyepokea ni mama mkwe. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kirrily, funga hii naijua! Marehemu mume wangu alikuwa anaingia nayo nyumbani kila Ijumaa, eti matokeo ya mbio za farasi. Miaka yote ile mimi nikadhani mwanaume anapenda farasi!"

Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Unakumbuka shuleni walikuwa wananiitaje? Binti wa Rafu ya Juu, ile ya majarida ya wakubwa. Na walioanza ni wale ambao baba zao walikuwa wateja wako. Sitaki kitu chenye fundo lile kiingie tena nyumbani kwangu. Watoto wangu hawatabeba jina hilo. Usitume tena.

Nakupenda, na nimeshasema.

Mwanao,
Kirrily

*

Broken Hill, 20 Machi 2019

Mwanangu Kirrily,

Marahaba. Kifua ni kilekile, nimejaribu kukiuza hakuna anayenunua. Mpe pole Bridie. Na wewe ulale, sauti ya barua yako ni ya mtu asiyelala.

Kuhusu vitabu nimekusikia. Sitatuma tena.

Kuhusu duka usijisumbue, linajifunga lenyewe. Ungeiona ile rafu! Zamani zako ilijaa kutoka mlangoni mpaka kwenye friji ya soda, kila jarida ndani ya nailoni yake, na mama yako anapanga juu ya ngazi huku amegeuza uso. Sasa yamebaki majarida mawili ya wakubwa, moja limekonda kama kipeperushi cha uchaguzi. Palipobaki wazi nimeweka kadi za pole. Vijana wa mgodini wanaingia kununua tiketi ya bahati nasibu na pai ya nyama. Juzi mmoja aliinua macho akaniuliza, "Mzee, kumbe watu bado wanalipia hivi vitu? Mimi ninavyo vyote mfukoni, bure." Akapigapiga simu yake. Nikamwambia, "Basi futa hicho kioo, kijana, kina sosi."

Wa kudumu amebaki mmoja. Ante, yule Mkroatia aliyechimba migodi ya kusini, siku hizi anatembea na mtungi wa oksijeni kama mtu na mbwa wake. Kila Alhamisi yupo. Shubaka lake bado liko nyuma ya kaunta na jina lake, pamoja na ya wengine ambao wenyewe tumeshawazika. Namwekea jarida lake humo, akifika naliviringisha ndani ya gazeti, nafunga uzi, namkabidhi. Hatulitaji. Tunataja mvua ambayo hainyeshi. Sasa nikifunga duka, yule Alhamisi aende wapi?

Chumba kizuri. Nishukurie Dale. Lakini bado.

Baba yako

*

Adelaide, 16 Juni 2019

Baba,

Shikamoo. Natumaini unawasha hita na hukai na sweta tu kwa ubishi. Huku mafua yanazunguka nyumba nzima, akipona huyu anashika yule. Nilinyamaza kwa sababu sikujua jinsi ya kuliandika hili.

Hamish alichukua simu ya baba yake atazame katuni. Nilikuwa nakunja nguo. Nikaona amekaa kimya mno. Mtoto wa miaka sita hakai kimya hivyo. Nilipoichukua ile simu nilitaka kuitupa dirishani. Si picha kama zako, Baba. Zako, nikikumbuka vizuri, ni wanawake wanaotabasamu. Katika hizi hatabasamu mtu.

Dale kaapa, "Wallahi si mimi, vinajitokeza vyenyewe." Labda kweli, labda si kweli. Hamish akaniuliza, "Mama, yule anti analia kwa nini?" Nikamwambia ameumia, atapona. Tangu siku hiyo simu zinalala juu ya kabati.

Miaka yote nimekulaumu kwa ile rafu. Lakini ile rafu nilihitaji ngazi kuifikia, na chini ya ngazi ulikuwapo wewe ukiniuliza, "Unatafuta nini huko?" Hii haina ngazi na haina mtu wa kuuliza.

Usidhani nimebadilika. Fundo lile bado silitaki hapa. Lakini wewe nakutaka. Mtoto anahitaji babu anayekaa chumba cha pili anakohoa. Lini?

Mwanao,
Kirrily

*

Broken Hill, 2 Septemba 2019

Mwanangu,

Marahaba, na poleni kwa mafua. Barua yako ya Juni nimeisoma mara nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Mwambie Hamish babu anamsalimia. Mengine sina la kusema ambalo mama yake hajasema vizuri zaidi.

Jarida la Ante limekufa. Wachapishaji wamewaandikia wenye maduka wote kwamba toleo la wiki ya mwisho ya Julai ndilo la kufungia. Mistari mitatu tu, na jina la mtu nisiyemjua. Lile jembamba lilishatangulia. Rafu ya juu haina kitu, Kirrily. Nimeifuta vumbi, imebaki alama ya kila jarida lilipokaa.

Nilikuwa nimwambie Ante. Nilijipanga kabisa. Alhamisi ikafika, akaingia anahema, akaegemea kaunta, akasema, "Naona umeniwekea." Nikakuta mkono wangu unakata uzi.

Unakumbuka kazi yetu ya Jumatatu, tunachana majalada ya majarida yasiyouzika tukamrudishie msambazaji, aone hayakununuliwa? Wewe ulichana ya farasi na ya kufuma, mimi yale mengine. Miili isiyo na vichwa ilibaki kwetu itupwe. Basi mimi sikuitupa yote. Stoo ipo mirundo ya miaka na miaka. Nilichukua mwili mmoja nikauviringisha. Macho yake mabaya, hataona kama hauna jalada. Na Alhamisi iliyofuata hivyohivyo.

Ananiuliza, "Wasichana wa wiki hii wakoje, Lindsay?" Namwambia, "Wamevaa masweta, baridi kali." Anacheka mpaka mtungi unalia.

Namdanganya mtu mgonjwa kila wiki. Lakini nitamwachaje? Akiacha kuja, nitakuja. Hilo nakuahidi.

Baba yako

*

Adelaide, 15 Desemba 2019

Baba,

Shikamoo. Hujajibu kadi yangu ya Oktoba wala ya Novemba. Tunasikia dhoruba za vumbi huko zinageuza mchana kuwa giza. Huku ni moshi, nguo hazianikiki. Nakuwazia wewe na kifua chako katikati ya hayo, halafu nawasha feni naona aibu.

Sasa nasikiliza kidogo na nasema zaidi. Namheshimu Ante wako. Lakini kuna watu hapa wanaokungoja pia, na mmoja ana meno manane sasa. Jumamosi ya kwanza ya Februari Dale anakuja na gari. Uwe umefunga mizigo. Nguo, picha za Mama, redio. Cha dukani kisije hata kimoja.

Krismasi njema. Kula kitu zaidi ya mkate na soseji.

Mwanao,
Kirrily

*

Broken Hill, 19 Januari 2020

Mwanangu Kirrily,

Marahaba. Nisamehe ukimya. Ante amefariki, wiki mbili baada ya Krismasi. Hakuja Alhamisi, nikajua.

Baada ya maziko Bi Marija, mwenye nyumba aliyempangisha Ante, akanivuta mkono. "Njoo uchukue vitu vyako." Nikamwambia mimi sina kitu kwake. Akafungua kabati la nguo. Chini mashati, juu yake yamepangwa magazeti yangu, yameviringishwa vilevile. Uzi haujafunguliwa hata mmoja. Si ya tangu Julai tu. Ya chini kabisa yalikuwa yamegeuka njano.

Nikamuuliza, "Sasa alikuwa ananunua ya nini?" Akasema, "Nilimwuliza swali hilohilo. Mtu hapumui, anateremka kilima kila wiki kwenda kununua uchafu asioutazama. Akaniambia, 'Nisipokwenda mimi, Lindsay atafunga duka. Akifunga duka, yule atakaa na nani?'"

Basi ndiyo hivyo. Mimi nilimfungulia yeye, yeye alikuja kwa ajili yangu, na katikati yetu lilikuwapo jarida lisilo na jalada ambalo hakuna aliyelitaka.

Sasa sina sababu. Mwambie Dale Jumamosi hiyohiyo. Nitakuwa nimekaa barazani na redio mapajani. Huo mlimau una matunda?

Baba yako

*

Broken Hill, dukani kwako, 5 Februari 2020

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika kwa herufi kubwa, nesi atakushikia karatasi mbele ya macho. Nikikusemesha husikii, na yeye akinisaidia kupiga kelele wodi nzima inajua mambo yetu. Anasema ni kiharusi cha upande wa kulia, na kwamba unanitambua. Mimi nimeona unanitambua. Umenikunjia uso vilevile kama nimeacha mlango wa friji wazi.

Ni yule mama wa duka la mikate aliyekukuta, Alhamisi, siku mbili kabla ya gari la Dale. Anasema ulikuwa umekaa kwenye kaunta na uzi mkononi, gazeti limetandazwa mbele yako. Sikuuliza ulikuwa unamfungia nani. Nilidhani najua.

Nimekuja kwa basi, watoto nimewaacha na mama mkwe. Hapa nalala kitandani kwako. Mchana nilianza kusafisha stoo. Kuna majarida machache ya Julai yaliyobaki na majalada yake, ulishindwa kuyachana. Nikakaa chini nikachana mimi. Mikono inakumbuka, Baba. Nikayapanga, nikafunga fungu, nikaliweka mlangoni lilipokuwa likikaa, na nikasimama pale nikimngoja dereva. Nilisimama kitambo ndipo nikaelewa hakuna dereva. Hakuna anayeyahesabu tena. Nililia kwa ajili ya yale makaratasi, mimi, amini usiamini.

Halafu nikafika kwenye mashubaka nyuma ya kaunta. Majina ya wazee wote. La Ante tupu. Na chini yake mawili mapya, kwa mwandiko wako: Hamish. Bridie. Yamejaa mpaka juu. Nimeingiza kidole pembeni nikaona rangi: vitabu vya dinosaria, vya kuunganisha nukta, vya wanyama. Kila mwezi, tangu nilipokukataza. Ulisema hutatuma. Hukusema hutaweka. Na lile gazeti lililotandazwa mbele yako Alhamisi, ndani yake kuna kitabu cha magari ya zimamoto.

Mizigo yako niliikuta barazani, tayari. Nguo, picha za Mama, redio. Hakuna cha dukani, kama nilivyosema.

Daktari amenikalisha chini, amesema nisipange mambo ya mbali. Barabara ya Adelaide kwako sasa ni ndefu mno. Chumba kitasubiri, lakini mimi si mtoto, nimemwelewa.

Sijafungua hata uzi mmoja, Baba. Dale anakuja na watoto Jumamosi. Vitabu vyote vitaletwa hapo wodini kama vilivyo, atakayecheka acheke. Hamish nitampandisha kitandani kwako upande wa mkono mzima. Hajui fundo lile, sikutaka alijue. Utamfundisha wewe linavyofunguliwa, kwa mkono wako mmoja na yake miwili.

Ni Jumatano sasa. Siombi mengine, Baba. Nisubirie Jumamosi.

Mwanao,
Binti wa Rafu ya Juu