Wasifu wa Shule na Mayai ya Akinyi

Jumatatu, 2 Februari

Vipindi vinne mfululizo, kisha zamu ya chakula. Sauti imeniishia. Saa ya michezo Akinyi wa Kidato cha Nne aliweka mayai thelathini kwenye mashine yake ya kuangulia vifaranga. Kaiunda mwenyewe: boksi la mbao, balbu mbili, feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, na kidude cha kupima joto alichokiunganisha likizoni kando ya cherehani ya mamake. Mayai tumepewa na mama mmoja jirani wa shule hapa Mutuini. Amesema siku ishirini na moja si nyingi, atakuja kuona.

Mkuu wa shule aliniita. Anataka niandike wasifu wa kitaaluma wa shule, wa kugawia wazazi na kupeleka vyuo vikuu. Shule ya sayansi inayotajwa kila matokeo yakitoka haiwezi kukosa kitabu chake. Eti mimi ndiye mwenye kalamu. Picha ya jalada ameshaichagua: Akinyi na mashine yake. Nilifurahi kama mtoto.

Jumatano, 4 Februari

Kurasa tatu tayari. Maabara, roboti, mashindano. Kwenye ukurasa wa matokeo nimeweka sentensi aliyonipa Mkuu: kila mtahiniwa wetu huendelea na chuo kikuu. Nimepitia majina ya mwaka jana, moja moja. Ni kweli kabisa.

Jumatatu, 9 Februari

Siku ya saba. Tulifunga mapazia ya maabara, Akinyi akamulika mayai kwa tochi ya simu yangu. Matano hayakuwa na kitu ndani. Akayatoa.

"Mwalimu, haya nimetoa nayahesabu, ama sasa naanza na twenty-five?"

Nilimkemea. Nikamwambia ukiweka thelathini umeweka thelathini. Anayetoa mabovu kwanza ndipo ahesabu hajapima mashine yake, amejidanganya. Akaandika kwenye daftari. Nikajiona mwalimu hodari.

Saa kumi, kikao cha walimu. Tukaomba kwanza, kama kawaida. Halafu Mkuu akatoa orodha ya "wa kusaidiwa". Hutoka kila mwaka kabla usajili wa mtihani wa taifa haujafungwa. Wale ambao alama zao zitashusha wastani wa shule huombwa wakajiandikishe kwenye vituo vya nje, kama watahiniwa binafsi. Sisi tunaita kulinda mean. Hakuna anayefukuzwa. Mzazi anatia sahihi kwa hiari yake. Miaka yote hii nimekaa kwenye kikao hicho nikila mandazi.

Leo jina la kwanza lilikuwa Akinyi. Kemia. Kemia peke yake! Fizikia ananishinda hata mimi. Na kwa kuwa ndimi mwalimu wake wa darasa, ndimi wa kuongea na mzazi.

Mandazi sikula, hilo tu.

Jumanne, 10 Februari

Mama Akinyi alikuja saa nne. Ni fundi wa nguo Riruta. Nusu ya sketi za darasa langu zimepita mikononi mwake. Nilimwambia maneno niliyopewa: huko nje hakuna presha, mtoto atatulia, ni kwa faida yake. Niliyasema vizuri. Ndilo linaloniuma, niliyasema vizuri mno.

Hakusoma karatasi. "Kama ni wewe umesema, mwalimu, mimi sina shida." Akatia sahihi. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.

Alinishukuru!

Jumatano, 11 Februari

Nikitoka kazini nilipitia kile kituo. Vyumba viwili juu ya duka la mbao na misumari, Riruta, barabara ya Naivasha. Nikaomba kuona maabara. Kijana wa mapokezi akanionyesha meza yenye bomba la maji. Bomba halina maji. Nikamuuliza majaribio ya fizikia na kemia watoto wanayafanyia wapi. "Hapa huwa tunasoma theory, Madam. Siku ya mtihani tutaomba lab mahali."

Mahali! Msichana aliyeunda mashine kwa mikono yake, ambaye anataka kusomea uhandisi na hataki kusikia kingine, aende akasome maabara kwenye karatasi. Na alama za majaribio ndizo zinazombeba.

Nina hasira na Mkuu. Nina hasira na kijana wa mapokezi, ambaye hana kosa. Nina hasira na mikono yangu, ile aliyoishika Mama Akinyi.

Alhamisi, 12 Februari

Akinyi ameambiwa akae nyumbani kuanzia mwisho wa mwezi. Leo alikuja maabara mapumziko yote mawili kugeuza mayai. Aligeuza, akaandika joto, akaondoka. Hakunitazama.

Ijumaa, 13 Februari

Mkuu alinituma mjini nikachapishe wasifu. Niliamua kazi nimpelekee Nekesa, mwanafunzi wangu wa zamani. Mwaka jana alinitumia ujumbe kwamba amepata kazi ya kupanga kurasa kwa wachapishaji fulani hapo katikati ya jiji, ghorofa ya tatu. Nilidhani namfanyia hisani. Wallahi nilidhani hivyo.

Nekesa alikuwa kwenye orodha miaka miwili iliyopita. Babake nilimwongelesha mimi. Nami nilikuwa nimesahau! Nilipanda ngazi zote tatu na bahasha yangu kwapani bila kukumbuka.

Alinikumbatia. Akafungua faili, akaanza kupanga. Alisifu picha ya Akinyi. Alipofika ukurasa wa matokeo vidole vikasimama. Akacheka kidogo.

"Madam, hii si ni shule yetu? Kwani sisi hatukuwahi kuwa hapo?"

Hakusema kwa ubaya. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikamwambia kazi isimame, sijamaliza kuandika. Niliteremka zile ngazi, bahasha kwapani tena.

Nimeketi sasa naandika majina ninayoyakumbuka. Nekesa. Mwangi mrefu. Kiprono wa kwaya. Mercy aliyekuwa akishona vifungo vya wenzake. Wambua. Wawili wengine, sura nazikumbuka, majina yamenitoka. Niliketi na mzazi wa kila mmoja wao. Kila mtahiniwa wetu huendelea na chuo kikuu! Shule imetoa mayai yote yenye shaka, ikahesabu yaliyobaki, sasa inataka kupigiwa makofi. Na mimi, niliyemkemea mtoto wa watu juu ya mayai matano, ndimi niliyeyatoa.

Jumamosi, 14 Februari

Nilikwenda kwa Mama Akinyi, kibanda chake cha kushonea. Nilimwambia yote. Kituo hakina maabara. Sikuwa nawaza faida ya mtoto, nilikuwa nalinda wastani. Ile karatasi haina lazima. Asingetia sahihi wasingeweza kumtoa.

Mguu wake ulisimama kwenye kikanyagio cha cherehani. Halafu akasema, polepole: "Na ya wastani ulikuwa unayajua siku hiyo hiyo."

Nikasema ndiyo.

Hakunikaribisha kiti. Ningekuwa yeye nisingenikaribisha pia.

Jumatatu, 16 Februari

Mama Akinyi alifika kabla ya kengele, utepe wa kupimia bado shingoni. Mkuu akaniita niwepo. Mama Akinyi akaomba karatasi. Safari hii aliisoma yote, mstari kwa mstari, kwa kidole, sisi tukimngoja. Kisha akaikunja akaitia mkobani.

"Akinyi aliingia Form One hapa. Form Four atamalizia hapa. Kama kuna sheria inasema lazima aende, nionyesheni."

Mkuu alitabasamu kama anavyotabasamu kwa wafadhili. Aliongea juu ya mtoto, juu ya presha, juu ya Mungu. Mama akangoja amalize. "Sheria, bwana."

Hakuna sheria. Mkuu akanigeukia mimi, akauliza nani ameongea na mzazi huyu. Nikasema mimi. Tukabaki wawili, akaniuliza kama nataka shule nzima ianguke juu ya mtoto mmoja. Nikamwambia kama Kemia ya mtoto mmoja inaangusha shule, basi tufunge shule tumfundishe Kemia.

Jumatano, 18 Februari

Barua ya Mkuu. Mimi si mwalimu wa darasa tena. Nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Wasifu amepewa naibu wa Mkuu. Jalada limebadilishwa: Akinyi ametolewa, limewekwa basi jipya la shule. Ni kweli, basi halifeli Kemia.

Kwenye orodha walikuwepo wengine wawili. Nimewapigia wazazi wao simu. Mmoja hakushika. Mwingine alinisikiliza hadi mwisho, akasema asante mwalimu, lakini mtoto ameshahamia na hataki kurudi mahali ambapo hatakiwi.

Chumba cha walimu hupoa ninapoingia. Wapoe. Mwalimu wa Kemia peke yake ndiye aliyenifuata hadi nje, akasema Akinyi amwendee kila siku saa saba wapitie Kemia, na jina lake nisilitaje popote.

Ijumaa, 20 Februari

Watahiniwa waliitwa kukagua majina yao ya usajili. Niliangalia kutoka dirisha la maabara. Foleni ndefu. Akinyi alikuwa karibu na mwisho. Aliinama, akasoma jina lake, akatia sahihi. Akarudi darasani.

Jumatatu, 23 Februari

Mvua ndogo asubuhi. Maabara ilikuwa na kelele kabla ya wanafunzi kuingia. Vifaranga ishirini na mmoja. Yule mama jirani alikuja na kikapu, akawatazama sana, akasema watatu wana miguu mizuri.

Nakala za wasifu zimefika. Basi linang'aa. Sentensi imo vilevile.

Akinyi alichora jedwali lake kwa rula. Yaliyowekwa, thelathini. Yaliyotolewa siku ya saba, matano. Yaliyoanguliwa, ishirini na moja. Yasiyoanguliwa, manne. Chini akaandika kwamba balbu ya kushoto ina joto zaidi, na kwamba atairekebisha.

Akaniletea daftari nitie sahihi. Bado hanitazami sana. Nilisoma kila mstari kwanza, kisha nikatia.