Walipata Mafuta ya Kuja Kuzika

Jumatano, Bugembe, nje kidogo ya Jinja. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na malori yanayokwenda Iganga yanarusha matope hadi kwenye baraza yangu. Sijatoka nje. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi, nimekunja nguo zilizokunjwa, nimemgombeza paka. Nina hasira. Nilidhani itapungua baada ya mazishi, lakini kila siku inapata nguvu mpya, ndiyo maana nimefungua ukurasa huu ambao kwa kawaida huandikia mapishi na vituko vya wajukuu.

Jumamosi tulimzika Dokta Namarome.

Wengi mnaosoma hapa hamumjui. Hakuwa mtu wa magazeti. Alikuwa mtafiti wa malale, ugonjwa ambao hapa Busoga watu wanauita mongota, unaoletwa na mbung'o. Kwanza homa, kisha kichwa, kisha mtu anaanza kusinzia na chakula kikiwa mdomoni, anawatukana watoto wake bila sababu, na mwisho analala asiamke. Maisha yake yote ya kazi Dokta aliyatumia kuuliza kwa nini ugonjwa umetokea hapa, na kwa nini wakati huu.

Nilimfahamu baada ya vita vilivyoiangusha serikali ya wanajeshi. Mimi ni Mnubi. Baba yangu alikuwa sajini katika lile jeshi lililoshindwa. Alikimbilia kaskazini na wenzake na hakurudi, wala hatukuletewa mwili. Majirani waliokuwa wakila Idi nyumbani kwetu waliacha kutusalimu. Mama alinikataza kusema Kiswahili sokoni, kwa sababu watu walikisikia wakaona bunduki. Nikawa msichana bubu katika mji nilimozaliwa.

Siku moja mwanamke mrefu, mwenye sketi ya kaki na viatu vya kiume, akabisha hodi. Alikuwa Mgisu, kwao ni nje kidogo ya Mbale. Kiswahili chake kilikuwa kibovu kwelikweli.

"Mimi natafuta mutu anajua Swahili ya rodibloki," alisema. "Yangu hii, maaskari nacheka tu."

Mama alitaka kumfukuza. Mimi nilikuwa nimeshavaa kandambili.

Kazi yangu ikawa kumsemea. Vizuizi vya barabarani, hizo rodibloki, vilikuwa kila mahali, na kila askari, awe wa kundi gani, aliamuru kwa Kiswahili. Lugha iliyotufanya tuchukiwe ndiyo iliyomfikisha Dokta vijijini. Huko tulikuta mashamba ya pamba na kahawa yaliyoachwa wakati wa fujo yamegeuka msitu. Vichaka vilifika hadi mlangoni mwa jiko, na mbung'o walikuwa humo. Dokta alikwenda nyumba kwa nyumba. Maji mnachota wapi? Kuni mnaokota wapi? Huyu ng'ombe mlimtoa wapi? Alitoboa vidole, akapaka damu kwenye vioo, akainamia hadubini yake hadi shingo ikakakamaa. Kuna vijiji walitufukuza kwa mapanga wakisema tunauza damu. Tulirudi wiki iliyofuata. Alisema waliotufukuza nao wanaumwa na mbung'o.

Nakumbuka kizuizi kimoja kabla ya kuingia Jinja. Askari mmoja, macho mekundu, alifungua sanduku la hadubini na kuuliza kama hiyo ni redio ya waasi.

"Afande, hiki ni chombo cha kuangalia ugonjwa," nilimwambia. "Huyu ni daktari."

"Daktari gani anavaa viatu vya mume wake?"

Dokta alielewa neno "mume". Akanishika mkono, akaniita kwa jina langu. "Zamu, ambia yeye mimi iko na mume hapana. Ambia yeye aangalie ndani."

Askari aliangalia. Aliinama tena, bunduki ikining'inia begani. "Vinacheza," alisema. "Kama samaki. Damu ya nani hii?"

"Ya mama mmoja tuliyemwacha kijijini asubuhi," nikasema.

Alirudisha hadubini ndani ya sanduku, taratibu kabisa. Kisha akachukua gari letu. Ndivyo ilivyokuwa siku zile, mtu aliweza kuguswa moyo na bado akakunyang'anya. Tulitembea, sanduku likiwa kichwani kwangu na vioo vya damu vikiwa kifuani kwa Dokta, na neno pekee aliloniambia njia nzima ni kwamba niongeze mwendo, sampuli zitaharibika.

Baadaye kidogo ilikuja mitego, vitambaa vya bluu na vyeusi vya kunasa mbung'o vichakani. Hapakuwa na wa kuishona. Dokta akamletea Mama yangu jora zima na cherehani. Mke wa sajini wa jeshi lililochukiwa akawa anashona mitego ya Bugembe yote, na majirani wakaja kuichukua mlangoni kwetu. Na wakija ilibidi wabishe hodi, na wakishabisha hodi ilibidi wasalimu. Mama alikufa akiwa na marafiki. Sijui mambo kama hayo huandikwa katika utafiti gani.

Sasa nifike kwenye hasira.

Dokta aligundua kwamba ng'ombe wanabeba malale bila wao wenyewe kudhoofika sana. Na ng'ombe wa miaka ile hawakutulia mahali. Waliporwa, wakauzwa, wakapandishwa malori, wakaporwa tena. Alisimama kwenye mkutano mjini Jinja, mbele ya wakubwa, akasema watibiwe mnadani kabla ya kusafirishwa. Nilikuwepo, nimekaa nyuma karibu na mlango. Mmoja wa wakubwa alicheka akamuuliza kama yeye ni daktari wa watu au wa ng'ombe. Chumba kizima kikacheka. Kila mtu mle ndani alijua malori ya ng'ombe ni ya nani.

Haukupita muda mrefu akahamishiwa Mbale, kwenye ofisi isiyo na hadubini.

Amani ikaja. Watu wa kule juu, kaskazini, waliopoteza mifugo yao yote vitani wakaanza kupewa ng'ombe ili waanze maisha upya. Ni jambo jema, nani atapinga? Lakini ng'ombe wengine walitoka huku kwetu, na hawakutibiwa. Malale ikapanda nao kwenye malori ikawafuata watu ambao walikuwa ndiyo kwanza wanajenga vibanda. Siku habari zilipofika nilikwenda Mbale nikamkuta Dokta amekaa mbele ya meza tupu, mikono mapajani.

"Wamewapelekea," alisema.

Hakuna aliyeomba radhi. Hakuna hata mmoja.

Na wiki iliyopita wakamwua kwa mara ya pili. Ndiyo, nimeandika kuua, na sifuti.

Alikuwa amestaafu, anaishi kwao na mdogo wake Nambozo, analima kabichi. Asubuhi kifua kikambana. Nambozo akampakia kwenye pikipiki ya kukodi, akakaa nyuma yake akimshikilia, wakafika kituo cha afya ambacho jina lake silitaji. Muuguzi alimwangalia akasema huyu aende Mbale mjini, hospitali kubwa, sasa hivi, na asipande tena pikipiki. Gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa pale pale, jeupe, limeoshwa. Lakini halikuwa na mafuta.

Wakasubiri. Nambozo alisimama barabarani akipungia kila gari. Dokta alikuwa kwenye benchi, na wakati mmoja, Nambozo anasema, alimwambia muuguzi awaangalie kwanza watoto waliokuwa kwenye foleni. Teksi ilipopatikana ilikuwa imeshachelewa. Alifia njiani, kichwa kikiwa kwenye paja la mdogo wake, mji ukionekana.

Kwa hiyo nina hasira na wewe pia, Dokta. Kwa nini hukupiga kelele? Uliweza kumkazia macho askari mwenye bunduki. Ulikataa kazi Nairobi, ukakataa ya Ulaya, ukasema wagonjwa wako wako hapa. Basi hapa ndipo ulipokaa kwenye benchi kama mtu aliyekuja kusalimia, unawapisha wengine. Ungelisema jina lako. Ungelisema wewe ni nani. Ungelinipigia simu hata mimi nije nikusemee, si ndiyo ilikuwa kazi yangu?

Mazishini magari yalijaa hadi kwenye shamba la migomba. Mapya, marefu, vioo vyeusi. Niliyatazama yakipanda kile kilima kwa nguvu, moja baada ya jingine. Kila moja lilikuwa na mafuta.

Mheshimiwa mmoja akapewa kipaza sauti. Alisema taifa limempoteza binti yake. Alisema Dokta aliishauri serikali kuhusu malale na serikali ikamsikiliza. Watu walipiga makofi. Alisema hakupungukiwa na chochote.

Nikasimama. Sikupanga. Nilikuwa na buibui langu jeusi katikati ya Wakristo waliovaa magauni ya gomesi, na nikaanza kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya rodibloki. Wazee wengine walishtuka, niliwaona. Masikio yao bado yanakumbuka nani alikuwa akipiga kelele kwa lugha hii.

"Mheshimiwa," nilisema, "huyu mama amekufa kwa kukosa mafuta ya gari. Wewe umekuja na gari gani?"

Mshereheshaji akaja mbio. "Hajati, tunashukuru, muda ni mchache..."

Ningeendelea. Wallahi ningeendelea. Lakini aliyeninyamazisha hakuwa yeye. Nambozo alitoka kwenye viti vya familia, akanishika kiwiko, akanisogeza pembeni. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Hajati, nyamaza," aliniambia kwa Kiswahili chake kibovu, ambacho hapa nakinyoosha. "Wewe jioni utarudi Jinja. Mimi nitabaki hapa. Wajukuu wangu wakiugua watapelekwa kituo kile kile, kwa muuguzi yule yule. Unataka watukumbuke kwa hili?"

Nilikaa, nikamwona Dokta akishushwa, nikatupa udongo wangu, nikaondoka bila kula.

Njia nzima nilikuwa na hasira na Nambozo kuliko na mheshimiwa. Nilimwona mwoga. Siku tatu nimemwona mwoga, na nimekataa kumpigia.

Leo mchana amenipigia yeye.

Alikuwa amekwenda kituoni kuchukua blanketi la dada yake lililobaki pale siku ile. Akiwa analikunja, akaingia msichana na mtoto mgongoni, mtoto anatetemeka kwa degedege, macho yamegeuka. Muuguzi akasema aende Mbale. Na mkuu wa kituo, kutoka dirishani kwake, akasema maneno yale yale, hata hakubadilisha neno moja, kwamba gari lipo ila mafuta hakuna.

Nambozo aliniambia hajui miguu yake ilimpelekaje. Alitandika blanketi la Dokta chini, mbele ya matairi ya lile gari, akajilaza juu yake. Mwanamke wa makamo yake, kwenye mvua.

"Nikawaambia sitoki," alisema. "Nikawaambia mimi ndiye wa benchi la wiki iliyopita. Tazameni vizuri sura yangu. Mama mmoja wa foleni akaja akakaa karibu yangu. Halafu mwingine. Wakajaa."

"Ikawaje?" nikamuuliza.

Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi.

"Mafuta yakapatikana, Hajati."

"Yalitoka wapi?"

"Stoo. Yalikuwa stoo. Dereva aliyaleta kwenye dumu, hata mbali hakwenda. Mtoto ameshafika Mbale, amewekewa dripu, mama yake amepiga simu." Kisha sauti yake ikavunjika, na akasema kwa Kigisu maneno ambayo sikuyaelewa, akayarudia kwa Kiswahili. "Yalikuwepo. Dada yangu yuko pale kwenye benchi, na yalikuwepo."

Tulilia kwenye simu, kila mmoja upande wake, mpaka salio lake likakatika.

Nimekaa na jambo hili tangu mchana. Mtoto anaishi, alhamdulillahi, na sitaki kuwa mtu asiyeweza kulifurahia hilo. Lakini nikilifurahia tu, namwona Dokta amekaa. Dumu liko nyuma ya mlango, naye amekaa kwa adabu.

Mkuu wa kituo amemwambia Nambozo arudi kesho asubuhi "ajieleze". Nambozo hataki kwenda peke yake, na Kiswahili chake, kama cha dada yake, wakubwa wanakicheka.

Nimeshapiga pasi buibui. Alfajiri nikishaswali natoka kwenda Mbale, na safari hii yeyote atakayeninyamazisha itabidi kwanza aniambie lile dumu lilikuwa linamsubiri nani.