Aliyechapa Ndiye Anayesoma

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, ingawa nazituma kwa moyo mzito. Natumaini mgongo umekupa nafuu, na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Sisi tunapumua. Wanangu wawili wako shule, na baba yao bado anabishana na redio utadhani itamjibu. Afya ninayo, ila tangu Alhamisi chakula hakipiti.

Barua yako niliipata. Umesema shemeji amekubali, kwa shingo upande, kwamba wale wanaomposa mwanao wangoje mpaka Katiba mpya itoke. Ikikataza binti kuozwa kabla ya miaka kumi na minane, atawarudisha walikotoka na mtoto ataendelea na shule. Isipokataza, watakuja baada ya mavuno. Ukaniuliza mambo yanakwendaje, kwa kuwa mimi niko jikoni penyewe.

Basi nikueleze huko jikoni. Ofisi ya Tume ya Katiba ni chumba kirefu chenye feni moja inayozunguka ikijisikia, na sisi wapiga chapa sita tumebanwa ukutani kama viti vya ziada. Maoni ya wananchi huja kwenye magunia, tunagawana, tunachapa. Wajumbe wakibishania ibara, kanuni yao ni kwamba yasomwe maoni matatu ya wananchi wanaoiunga mkono, la sivyo inafutwa. Na kwa kuwa miandiko mingine ni ya kubahatisha, aliyechapa ndiye anayesimama kusoma. Nimeshasoma ya visima, ya mipaka ya mashamba, hata ya mzee mmoja anayetaka Katiba imkataze jirani yake kufuga mbwa. Wajumbe walicheka, nami nikacheka nao.

Rangi za bendera zilichukua siku nne. Ibara ya mabinti ililetwa Alhamisi saa sita na robo, watu wakiwa wameshaanza kunusa chakula. Aliyeipigania ni mjumbe mmoja mkunga, ambaye sisi ofisini tunamwita Bi Radi kwa sauti yake. Alisema amewazalisha watoto waliokuwa wanazaa watoto, na wawili kati yao aliwafunika shuka kwa mikono yake mwenyewe. Mwanasheria wa Tume, kwa upole wake ule unaoudhi, akasema wanawake na watoto wameshatajwa kwenye utangulizi, inatosha, mambo ya ndoa yaachiwe familia. Mwenyekiti akaitisha maoni matatu.

Yakasomwa ya mwalimu mmoja. Yakasomwa ya mama aliyempoteza binti yake kwenye uzazi. Ya tatu hayakupatikana. Mwenyekiti aliuliza mara mbili. Bi Radi akaomba apewe mpaka kesho ayatafute maguniani, akaambiwa ratiba imebana. Mikono ikanyooshwa, ibara ikafutwa, na kabla ya saa saba watu walikuwa wanagawana sahani. Bi Radi alibaki kitini, miwani mkononi, analia bila kujificha.

Dada, maoni ya tatu yalikuwa yako.

Yalinifikia wiki tatu kabla, katika fungu langu. Niliutambua mwandiko wako hata sijafika kwenye jina. Umeandika kwamba Baba alikutoa darasa la sita akakuoza, na kwamba mahari yako ndiyo iliyomsomesha mdogo wako mpaka akawa mpiga chapa wa Tume hiyo hiyo. Hukulalamika. Umeandika kwamba unajivunia. Nikajiona nimesimama mbele ya wajumbe arobaini, nasoma kwa sauti kwamba kila herufi ninayoijua ilinunuliwa kwa utoto wako. Uso ningeuweka wapi? Niliyachapa, kisha nikayatoa kwenye jalada nikayatia mkobani. Nikajifariji kwamba maoni ni maelfu, matatu hayatakosekana. Alhamisi, mwenyekiti alipouliza mara ya pili, mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Mimi uliyeniita Kasuku kwa kusoma kila kibandiko nilichokiona, nilitazama sakafu.

Jana nilimwendea Bi Radi nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza binti yako ana umri gani. Nikasema kumi na tatu. Akayarudia makaratasi yake. Rasimu imeshakwenda kiwanda cha uchapaji.

Nilitaka kukwambia umlete mtoto kwangu. Mume wangu hana neno. Lakini shemeji akija kumdai, nitamwonyesha nini mlangoni? Ameahidi kufuata Katiba, na Katiba imenyamaza kwa sababu yangu. Msamaha naona haya hata kuuomba.

Nisalimie majirani wote, na shemeji pia, ingawa najua atakavyoifurahia habari hii. Mwanao mwambie nimekiona kikaratasi alichokichomeka ndani ya barua yako. Ananiuliza sekondari wanavaa sketi ya rangi gani, ili aanze kuizoea. Nimeanza kumjibu mara tatu, nimechana mara tatu. Mjibu wewe, dada.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.