Vifuli Vilivyomshitaki Mama

Baba,

Sijawahi kumwambia mtu hili: msibani kwako nililia kidogo tu, kwa sababu muda mwingi nilikuwa namdharau mdogo wako. Najua, baba mdogo ni baba. Lakini wewe hukumwona. Alikuja kutoka Geita na miwani ya jua, akaangua kilio tangu barabarani, na alipomaliza kulia akauliza ufunguo wa gari uko wapi. Hata matanga hayajaondolewa.

Gari lako bado lilikuwa na ule ugonjwa. Unakumbuka vifuli vya umeme vilivyokuwa vikijifunga vyenyewe, tak, milango yote minne? Ulicheka: "Kisanduku chake kimechoka, mwanangu. Likizo tutakifungua." Likizo imefika, Baba. Wewe hukuingoja.

Msibani vilijifunga kila Mama alipoingia. Si ajabu. Kiti cha mbele cha abiria ni chake, na mlango ule umelegea, lazima aubamize. Ukibamizwa, kisanduku kinachoongoza vifuli, pale chini ya dashibodi, kinatikisika. Mtoto wa darasa la pili angeelewa. Baba mdogo, dalali anayejisifu kwamba anaijua dhahabu kwa kuinusa, alielewa vingine. Akaita kikao cha ukoo uani.

"Kaka anamfungia huyu mwanamke. Anamkataa. Mtazameni macho yake yalivyo mekundu!"

Mekundu! Alikuwa amekulilia siku zote zile, huku akiwapikia wao kwa kuni mbichi. Lakini unajua huku kwetu macho mekundu huitwa uchawi, na neno hilo linaishia wapi. Unajua wanawake waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho yao. Baba mdogo akaendelea: Mama arudishwe kwao, na gari aondoke nalo yeye, maana likifika Geita marehemu atatulia. Mzimu wa ajabu huo, unaopenda Geita.

Unanijua, Baba. Mimi ndiye niliyeshindwa kusoma shairi mbele ya darasa. Nikasimama, nikaenda kwenye gari tupu, nikaubamiza mlango wa Mama.

Tak.

"Mnaona!" akapayuka. "Kamrithisha na mtoto uchawi wake!"

"Bamiza wewe, baba mdogo," nikasema.

Akarudi nyuma. Dume zima lile, linaogopa mlango! Shangazi ndiye aliyenyanyuka, akaubamiza kama anayetwanga mtama.

Tak.

"Mayu, mama wee! Basi na mimi mchawi," akasema. "Nani mwingine anataka uchawi? Foleni ianzie hapa!"

Watu wakaangua kicheko, hata wazee. Mkubwa wao akafuta machozi, akasema mjane akae kwenye mji wake na gari lake. Ghafla baba mdogo akakumbuka kwamba ana basi la kuwahi.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, hakuna atakayemtoa Mama hapa, na aibu yangu haitanifunga mdomo tena akisemwa vile.

Walipoondoka nilikitoa kile kisanduku, nikakifungua mezani. Viungo viwili vya risasi inayoshikilia nyaya vilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikapasha moto chuma chako cha kuchomelea, nikaviunga upya, nikakirudisha mahali pake. Mama akaingia, akabamiza mlango. Vifuli vikanyamaza. Nikaingia upande wa pili, tukakaa humo wawili mpaka alipoegemeza kichwa kitini na kusinzia.